Picha za Lango la Mapinga

Siku ya ishirini na tatu baada ya kumzika kaka yangu Seleman, simu yangu ilinijulisha kwamba amepita lango la Mapinga saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na kwamba amejipatia alama tano.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Niliusoma ujumbe mara mbili, nikaiweka simu kando, nikaimaliza nazi yangu. Mimi si mwanamke wa kuzimia. Robo saa baadaye ukaingia wa pili: lango la Bunju, alama tano nyingine. Hapo ndipo akili iliponikaa sawa. Maiti haendeshi gari. Kirikuu cha Seleman, kile alichokuwa akibebea mananasi, kilikuwa kimeegeshwa nyumbani kwake Mbegani. Ufunguo alikuwa nao mkewe, Somoe, na Somoe yuko eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila kuuvuka mlango. Na Somoe anajua kuendesha. Kaka alimfundisha mwenyewe, mbele za watu, huku akicheka.

Utauliza ujumbe wa gari la Seleman ulifuata nini kwangu. Barabara ya kulipia ilipofunguliwa, kila gari lilitakiwa libandikwe kibandiko kwenye kioo cha mbele, lango likisoma, pesa inakatwa kwenye simu, gari halisimami. Kukipata kibandiko sharti uwe na kitambulisho cha taifa, na cha Seleman kilikuwa kimekwama miaka mingi kwa sababu walimwandikia mwaka wa kuzaliwa uliomfanya amzidi mama yetu umri. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina langu, na kibandiko nacho kikawa kwa jina langu. Sisi huku ndivyo tunavyoishi, mmoja akiwa na kitambulisho, ukoo mzima una kitambulisho. Kwenye fomu kulikuwa na kiboksi cha kukubali kwamba taarifa zote za gari zitumwe kwa mwenye jina. Akakitia tiki bila kusoma, kama tunavyotia sote.

Kwa hiyo miaka miwili nilijua kila alipopita. Nilijua siku aliyochelewa Dar na siku aliyorudi mapema. Sikumwambia mtu, lakini nilizipenda jumbe zile. Nilikuwa nimerudi kwa mama, Bagamoyo mjini, baada ya talaka yangu ya pili, na ule mlio wa alfajiri ulikuwa kama kaka amegonga dirisha akanisalimu. Alipokufa kwa presha, ndani ya siku moja, nilichokikosa kwanza ni ule mlio.

Alama nazo nilizijua juujuu tu. Wenye barabara hawakutaka msongamano asubuhi na jioni, basi aliyepita saa za wengi alipata alama moja kila lango, na aliyepita saa za utulivu alipata tano. Madereva wakawehuka. Ukifika Mapinga saa mbili na nusu asubuhi unayakuta magari yamejipanga pembeni, watu wazima wanakunywa chai ya tangawizi wakisubiri saa tatu igonge ndipo wavuke. Nilisikia wengine wamepewa miavuli na fulana. Seleman alikuwa mmoja wa waliowehuka, nami nilimcheka.

Sasa nimseme Somoe. Sikumpenda, na sina haja ya kupaka maneno asali. Hakunikosea. Alinisalimu, alimpikia mama, hakuwa na mdomo. Lakini Seleman kabla hajaoa kila jambo alilileta kwangu, na alipooa akaacha. Nikimuuliza kitu ananiambia, ‘Ngoja niongee na Somoe.’ Miaka tisa nilingoja aongee na Somoe. Wakakaa miaka tisa bila mtoto, na kaka wala hakuoa wa pili, wala hakusononeka, na hilo nalo nililiona kama tusi kwangu.

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Mama yangu, Bi Mwanajuma, ni mtu mzima wa miaka sabini na mbili, ana magoti mabovu na haki nyingi kichwani. Alisema huenda Somoe amelikodisha gari apate chakula, mjane naye ana tumbo, nimwache. Nikamwacha kwa mdomo tu. Jumbe zikaendelea kuja, mara mbili kwa wiki, alfajiri kwenda, adhuhuri kurudi. Niliulizia sokoni kwa wauza mananasi wanaomjua marehemu, wakasema kirikuu kile hakijaonekana tangu msiba. Basi kama gari halibebi mzigo, linabeba nini? Swali hilo nililipeleka nyumba tatu: kwa Bi Mwanaharusi jirani yetu, kwa shangazi, na kwa fundi wangu wa cherehani. Sikusema Somoe anatoka. Niliuliza tu, na watu wakajijibia.

Baada ya wiki tisa mama akachoka nami. Tukaenda Mbegani, yeye, mimi, na Bi Mwanaharusi aliyejidai amekuja kutoa pole nyingine.

Somoe alikuwa mkekani chumbani, kanga nyeupe, uso umemkonda, hana hata hina ya zamani kidoleni. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba ya nusu mdomo. Nikatoa simu. Nilizisoma jumbe moja baada ya nyingine, tarehe, saa, lango, taratibu kama karani wa mahakama, mpaka nikazimaliza zote.

Somoe alisema hakutoka hata siku moja. Gari analiendesha Wilbrodi, jirani yao, fundi seremala mwenye kazi kule Tegeta, rafiki wa Seleman. Ufunguo anaufuata mke wake, Genoveva, kwa mlango wa uani, kwa kuwa yeye Somoe haruhusiwi kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Na Wilbrodi hafanyi kwa faida, mafuta anatia mwenyewe. Anamalizia kazi aliyoiacha marehemu.

Mama akamuuliza kazi gani.

“Mama, hiyo siwezi kukwambia leo,” Somoe akasema. “Seleman aliniapisha. Zimebaki safari mbili. Zikiisha utajua wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.”

Nikacheka. Nikamwambia Bi Mwanaharusi, kwa sauti ya kusikika, kwamba leo nimemwona mjane mwenye siri na maiti. Somoe hakunijibu mimi. Alimtazama mama, akasema malango yana kamera, kila gari likipita linapigwa picha pamoja na uso wa dereva. Yeye alishawahi kuipigia simu kampuni kwa jambo jingine, wakamwambia taarifa za gari ni siri, hapewi ila mwenye jina.

“Mwenye jina ni wifi,” akasema. “Aende akazitazame. Atakachosema ameona, mimi nitakikubali.”

Mpaka leo sijui alikuwa mjinga au alikuwa mwema. Kwangu mimi mambo hayo mawili hayapishani sana. Mama akanigeukia akasema, “Kuruthumu, nenda.”

Ofisi ya kampuni iko hatua chache kutoka lango la Mapinga, baridi humo ndani utadhani wanahifadhi samaki. Ukutani kulikuwa na bango kubwa: SIRI YAKO NI AMANA KWETU. Nilihudumiwa na msichana mchangamfu aitwaye Vaileth. Aliniuliza namba ya kitambulisho, nikaitaja, hakuniuliza lingine. Hakuuliza gari ni la nani hasa, wala kwa nini mwanamke asiye na leseni anataka kutazama sura za watu. Akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu, akafungua picha zote, kwenda na kurudi, malango yote mawili.

Nilimwona Wilbrodi anapiga miayo. Nikamwona Wilbrodi anakula andazi, Wilbrodi na kofia, Wilbrodi bila kofia, Wilbrodi na misumeno yake kwenye kiti cha pili. Siku moja pembeni yake ameketi Genoveva na kapu la nazi, amesinzia. Nilizitazama zote, nazo zilikuwa sabini na zaidi. Somoe hakuwemo hata kivuli chake.

“Hongera mama,” Vaileth akaniambia. “Umebakiza alama arobaini tu. Safari mbili za saa za utulivu, unakwenda Umra.”

Nilimuuliza anasema nini. Akashangaa mwenye akaunti hajui. Akanieleza kwamba zawadi kubwa ni ya anayefikisha alama elfu tano: Mkristo anapelekwa Yerusalemu, Mwislamu Makka, watu wawili, tiketi na malazi, na asiyetaka safari anapewa friji. Akaunti yangu ilichagua Umra tangu siku ya kwanza. Tena nina bahati, akasema, maana gari likikaa siku arobaini bila kupita, alama zote zinafutwa, na miezi miwili nyuma lilikaa siku nyingi sana.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja, na sikutaka kuelewa. Miaka mitatu nyuma, Seleman alimlipia mama safari ya Hija kwa wakala mmoja wa mjini. Mama akafanya inavyotakiwa, akapita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, maana msafiri wa Makka haondoki na kinyongo cha mtu. Alimwomba radhi hata muuza samaki aliyegombana naye. Wakala akapotea na pesa za watu. Mama akabaki na sanduku lake, na kwa mwaka mzima watoto wa mtaani walimwita Hajati wa Uani. Alikoma kwenda harusini. Ndiyo maana Seleman alimwapisha Somoe: safari hii mama asijue mpaka tiketi iwe mkononi. Na mjane yule amekaa chumbani wiki tisa, anatukanwa, anakonda, analinda kiapo cha mtu aliye kaburini.

Mwingine angelia pale. Mimi nilishikwa na hasira. Jina ni langu, kitambulisho ni changu, mama ni wangu, na siri akampa yeye. Alinitumia mimi kama watu wanavyotumia ngazi, akapanda, akaiacha ukutani. Nikawaza vilevile nyumba tatu nilizopita. Nikirudi na ukweli, Somoe ni malaika na mimi ni mwanamke aliyemsingizia mjane ndani ya eda yake, na mama atakwenda Makka kwa mkono wa Somoe, atarudi akimtaja Somoe mpaka anaingia kaburini. Hilo sikuliweza. Nalisema hivi hivi, bila kulipamba, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Vaileth akaniuliza kama anitumie picha kwenye simu. Nikamwambia hapana, nimeshaona. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kuja kuzitazama.

“Hakuna mama, ni wewe tu,” akasema. “Ni sheria ya faragha. Hata akija mume wako hatumpi.”

Nikamshukuru sana kwa sheria hiyo.

Mama alikuwa barazani ananisubiri, miguu ameinyoosha. Bi Mwanaharusi naye alikuwepo, bila shaka. Mama hakuniuliza habari za njiani. Aliniuliza neno moja tu, kama ni yeye.

“Ni yeye,” nikasema. “Yeye na Wilbrodi, wameketi pamoja. Picha zote.”

Mama alifunika uso kwa ukingo wa kanga. Bi Mwanaharusi akasema astaghfirullahi, akaondoka mbio kuliko alivyozoea, na kabla ya magharibi Bagamoyo yote ilikuwa inajua.

Kesho yake Wilbrodi na Genoveva walikuja. Wilbrodi ni mtu wa bara, wazazi wake waliletwa huku na misheni, mpole, mikono imejaa makovu ya patasi. Alivua kofia, akamwamkia mama, akasema yeye ndiye aliyeendesha, peke yake, na angeweza kuapa kwa Biblia. Genoveva akasema ufunguo aliuchukua yeye kwa mkono wake kila alfajiri. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mke akimtetea mumewe si ajabu, na mtuhumiwa akijitetea si ajabu, lakini mashine haina chuki na mtu.

“Mashine haijasema kitu, mama,” Wilbrodi akasema. “Amesema Kuruthumu.”

Mama akanitazama, mara moja, nami nikamtazama bila kupepesa, na katika kutazamana kule yule fundi alishindwa. Mimi nilitoka tumboni mwake. Yeye alitoka bara. Akawaambia waende.

Sheikh Yusuf wa msikiti wetu aliitwa. Alisema mambo mawili, la kwanza kwamba zinaa haithibiti kwa kamera, la pili kwamba mjane hatolewi katika nyumba ya mumewe akiwa eda, hata mkimchukia namna gani, hilo ni katazo. Mama aliyumba. Usiku ule nisingeweza kumwacha ayumbe. Nilimkumbusha Seleman alivyomlea yule mwanamke bila mtoto, alivyomfundisha usukani, na usukani huohuo ndio aliomlipia. Maneno ya mwisho niliyachagua vizuri: nikamwambia kaka anasikia kila kitu huko aliko. Mama akalia mpaka akakohoa. Asubuhi akasema, “Atoke.”

Tulikwenda kumtoa siku ya tisini ya eda yake. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Sisi tulimwambia. Mwanamke tuliyemshitaki kwa kuvuka mlango, tulimvusha mlango wenyewe, mchana, majirani wamesimama. Kaka yake alikuja kumchukua kwa pikipiki kutoka Miono. Nguo zake nilizifunga mimi katika shuka, na chupa ya mafuta ya nazi niliyoikuta nikaiacha kwa makusudi juu ya kabati, watu waione wajue alikuwa anajipamba ndani ya eda.

Alipofika mlangoni alisimama mbele yangu. Hakuwa na machozi.

“Wifi, ulizitazama?” akaniuliza.

“Nilizitazama.”

Alinikazia macho kwa muda, nami nikaona kabisa anajua. Akageuka kwa mama. Nikadhani sasa atasema yote. Angesema, mama angeniuliza, na sijui ningejibu nini. Lakini alimtazama tu yule bibi na magoti yake, na nadhani aliona kwamba akisema, mama ataisusa safari yenyewe kwa kuwa imetoka mkononi mwake, na kiapo cha Seleman kitakufa bure.

“Basi safari za Seleman zimalizeni wenyewe,” akasema. Akamwekea mama ufunguo wa kirikuu kiganjani, akapanda pikipiki, ameketi upande, kanga nyeupe inapeperuka, mjane wa siku tisini barabarani. Watoto wakazomea. Sikuwatuma, lakini sikuwakataza.

Baada ya wiki moja nilihamia mimi katika nyumba ile, kuilinda, kama tulivyosema. Nikamwita binamu yetu Mikdad, nikamwambia kirikuu kinahitaji kuendeshwa kisije kikaoza. Tukaenda Dar mara mbili, alfajiri, bila mzigo. Tulipokaribia lango nilijitanda ushungi vizuri na kukaa wima. Sikutaka picha ipigwe nimekunja uso. Ujumbe uliingia nikiwa ndani ya gari lenyewe: alama elfu tano, hongera.

Nilimwambia mama kwamba zawadi ile nimeihangaikia mimi, kwa jina langu, kwa siri, kwa kuwa sikutaka achekwe tena; kirikuu na alama zake sikuvitaja. Ilinitoka kirahisi. Mama alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nikiwa mdogo, akasema kumbe Mungu alimwachia mtoto. Nilingoja miaka mingi kusikia neno hilo, na nilipolisikia nililipenda, sitadanganya. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inakwenda Makka.

Wiki mbili kabla ya safari nikaitwa Mapinga kutia saini. Vaileth alikuwa amechapa karatasi zote, akaniwekea juu ya meza ile fomu ya kwanza kabisa, ya miaka miwili nyuma, ili nihakikishe majina ya wasafiri yameandikwa kama kwenye pasi za kusafiria. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wa Seleman, ule mkono wake mzito wa kubonyeza kalamu. Msafiri wa kwanza: Mwanajuma. Msafiri wa pili: Kuruthumu.

Niliisoma mara nyingi. Hakumwandika Somoe. Hakujiandika yeye. Tangu siku ya kwanza safari ilikuwa ya mama na ya kwangu, na kama hakuniambia ni kwa sababu alinijua mdomo wangu, kwamba ningemwambia mama kabla ya jua kuzama. Na Somoe alijua. Wiki zote zile nilizokuwa nikizihesabu jumbe zangu kama karani, yeye alikuwa anamtuma Wilbrodi barabarani ili mimi, wifi yake, niende Makka.

“Majina yako sawa, mama?” Vaileth akauliza.

Nikasema yako sawa. Nikatia saini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho, magari yanapita langoni moja baada ya jingine. Kulikuwa bado na wakati. Miono alikokuwa Somoe si mbali, Mikdad alikuwa pale pale na gari. Nilimwambia twende nyumbani.

Mama akaaga. Safari hii alipita nyumba zile zile na tiketi mkobani, akiionyesha, na waliomcheka wakamwomba amwombee huyu na yule. Nilimshika mkono kila mlango. Tulipomaliza akasimama njiani, akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama haitakiwi kumwendea Somoe pia, maana msafiri wa Makka haondoki na kinyongo. Wilbrodi na Genoveva walikuwa wameshahama, wamekwenda Lugoba kwa ndugu zao, kazi za Tegeta zilimkauka baada ya maneno yale. Nilimwambia mama kwamba waliokosewa ni sisi, na mwenye kuomba radhi ni yeye Somoe. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ni kweli.

Makka ni joto na ni watu. Sitaki kueleza mengine, sina haki. Nilimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, tukazunguka mara saba, na alilia mzunguko wote wa kwanza. Baada ya sala ya alasiri tulipata mahali pa kukaa tukiielekea Kaaba, magoti yetu yanagusana. Akainua mikono kuomba dua kwa Kiswahili, alisema Kiarabu chake hakitoshi kwa anayoyataka.

Aliwaombea wazazi wake. Akamwombea Seleman kaburi pana lenye nuru. Akaniombea mimi, mtoto aliyebakizwa, niwekwe, nipewe mume wa kheri. Kisha sauti ikambadilika, ikawa ya chini na ngumu.

“Ya Rabi,” akasema, “yule aliyemdhulumu mwanangu kaburini, akanidanganya mimi mama yake mzee, jina simtaji, unamjua. Usimpe raha duniani. Usimpe mtoto. Siku yake ikifika, usimpe wa kumzika.”

Akanyamaza na mikono bado iko juu, ananisubiri. Watu walikuwa wanatupita pembeni, maelfu, kila mmoja na lake.

Mama akanigusa goti.

“Kuruthumu, itikia.”

Nikasema amina. Akasema hakusikia, kelele ni nyingi. Nikasema tena, kwa sauti.